Nilivyoirudisha Besi

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimetukanwa bila kutajwa jina. Dada amerudi kutoka kliniki uso unang'aa, akasema mtaalamu wa pale anajua mambo ya sauti kuliko mtu yeyote aliyewahi kukutana naye. Kuliko mtu yeyote! Na mimi nimekaa mbele yake, ndugu yake wa tumbo moja, fundi wa spika, redio na vipaza sauti tangu sijaota ndevu. Nikameza mate. Nikaomba nipitishiwe chumvi.

Habari yenyewe ni ya mpwa wangu. Ana miaka sita. Tunamwita Bosi kwa sababu amri zake hazina rufaa. Masikio yake yanaumizwa na vitu ambavyo sisi wengine hata hatuvisikii: blenda ya jirani, pikipiki barabarani, kiti kikiburuzwa. Adui mkuu ni kengele ya shule. Muhula uliopita ililia, Bosi akaingia chini ya dawati, akapiga kichwa sakafuni mpaka mwalimu naye akaanza kulia. Baada ya hapo ni ngumi, mateke, kisha siku nzima bila neno.

Mwalimu mkuu amesema atampokea tena shule ikifunguliwa tarehe 18, mradi aweze kukaa darasani. Asipoweza, dada ataacha kazi yake ya kushona ili akae naye nyumbani. Hakuna mwingine. Shemeji aliingia mitini siku nyingi.

Kwa hiyo sasa kuna tiba ya sauti. Mtoto anavaa hedifoni, anasikilizishwa muziki, masikio yanazoea na moyo unatulia. Muziki! Kwenye hedifoni! Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejitolea kuwasindikiza. Dada akasema hakuna haja. Nikasema haja ipo. Nikaenda.

Chumba cha kliniki kina zulia nene, mapazia mazito na mito kila kona. Mtaalamu ni kijana mwembamba anayetembea na soksi bila viatu na kuongea kama mtu anayekupa siri ya ndoa. Nimempa jina papo hapo: Bwana Polepole. Alinieleza mambo mengi kuhusu namna muziki wao unavyoandaliwa. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa nachungulia nyuma ya mashine yake ya kuchezea muziki. Skrubu ni za nyota, ndogo. Ninayo bisibisi yake.

Halafu Bosi akavalishwa hedifoni. Nilingoja vilio. Wapi! Alikaa kwenye mito akipanga vipande vya mbao, na baada ya muda akaanza kuimba puani. Sijawahi kumsikia Bosi akiimba. Dada akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi pia nilipata vumbi jichoni, na mle ndani hamna vumbi.

Njiani nikafurahi, kisha nikakasirika kwa sababu nimefurahi. Ningetaka awe ameimba kwangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata wazo! Kwa nini masikioni tu? Mwili mzima unasikia. Nimechukua kiti cha plastiki, nikakata tundu, nikafunga spika kubwa chini yake ikitazama juu. Nimekiita Kiti cha Utulivu. Jina nimeliandika mgongoni kwa rangi nyekundu.

Jaribio la kwanza, mimi mwenyewe. Makalio yakafa ganzi. Miwani ikashuka mpaka mdomoni. Kikombe changu cha chai kikatembea chenyewe mezani, kikafika ukingoni, kikajitupa.

Jaribio la pili, mwenye nyumba, aliyekuja kufuata redio yake. Nikamkaribisha kitini. Akakaa, akafumba macho, midomo ikacheza taratibu. Nikajipiga kifua: ametulia! Kumbe alikuwa anasali. Alipofumbua macho aliniuliza kama na mimi nimelisikia lile tetemeko.

Kiti nimekisukumia stoo. Dada asijue.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku njema. Dada akienda kushona, Bosi anakaa kwangu dukani mchana. Hili Bwana Polepole halijui. Hajui kwamba kabla ya mito yake palikuwa na chini ya meza yangu.

Bosi akiingia, nazima kila kitu. Spika haijaribiwi, redio haiwashwi. Anatambaa chini ya meza kwenye gunia lake, anapanga skrubu kwa ukubwa kwenye vifuniko vya chupa. Mimi nafanya kazi za kimya tu. Nikinyoosha mkono bila kusema, ananiwekea bisibisi, ile yenye mpini mwekundu. Hiyo ni kazi yake, haruhusu mtu mwingine aishike. Juzi nilijichukulia mwenyewe, akanirudisha nyuma, akaitoa mkononi mwangu, akanipa upya.

Leo amekuja mshereheshaji mmoja na spika refu kama kabati, anataka alijaribu kwa sauti ya mwisho. Nikamwambia fundi hayupo. Akasema si wewe huyo? Nikasema huyo ndiye hayupo. Ameondoka akinung'unika. Nimepoteza mteja, sijutii.

Jumamosi, 9 Agosti

Kliniki inapakwa rangi, kwa hiyo Bwana Polepole amemwazima dada mashine wafanye mazoezi nyumbani. Dada aliiweka juu ya kabati, akasema isiguswe na mtu yeyote mpaka yeye arudi kutoka kazini jioni. Aliposema mtu yeyote alinitazama mimi peke yangu. Nikajifanya hamnazo.

Alipotoka tu niliishusha. Kusikiliza si kugusa.

Masalale! Nilivaa hedifoni nikashangaa. Hamna besi! Muziki umebaki mifupa mitupu, sauti nyembamba kama sisimizi wanatembea juu ya bati. Na chini, kwenye raha yenyewe, patupu. Tena sauti inakuja na kupotea, inakuja na kupotea. Katika miaka yangu yote nimesikia spika mbovu, lakini hii ni mbovu iliyopewa cheti. Ndicho anachovalishwa mpwa wangu! Maskini, anaimba puani ili ajazie anachokosa.

Ningefanya nini? Niache?

Nikambeba Bosi, nikabeba mashine, tukaenda dukani. Bosi akaingia kwenye gunia lake. Nikanyoosha mkono. Akaniwekea bisibisi nyekundu. Aliona ni mashine yake ninayoifungua, akatoa kichwa chini ya meza kutazama. Nikamwambia Mjomba anaitengeneza, itapendeza zaidi. Akatikisa kichwa kukubali. Alinipa hata skrubu za kufungia, moja moja, kwa mpangilio.

Ndani hapakuwa na tatizo. Ubovu uko kwenye muziki wenyewe. Nikauhamishia kwenye kompyuta, nikaurudishia besi wimbo baada ya wimbo, nikanyoosha kule kupotea-potea kote, na sauti nikaipandisha kidogo kwa sababu ilikuwa inanong'ona. Nikaurudisha ndani ya mashine juu ya ule mbovu. Nikasikiliza. Lo! Kifua kikatetemeka. Kazi safi.

Mashine imerudi juu ya kabati kama haijawahi kushuka. Dada hatanishukuru kwa sababu hatajua. Nimeamua kuwa mkubwa kuliko shukrani.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui niandike nini.

Bosi alikwenda mwenyewe kuvaa hedifoni. Mwenyewe. Alikaa, akashika kipande chake cha mbao, akanitazama akatabasamu, maana anajua nimeitengeneza. Dada akabonyeza.

Hakulia mara moja. Alikodoa macho kwanza, kama mtu aliyesukumwa na anayemwamini. Kisha ikatoka sauti ambayo sitaki kuikumbuka. Alizing'oa hedifoni, akazitupa ukutani, akajibana kati ya kabati na ukuta, akajikwaruza masikio mpaka damu. Dada akamfuata kule alikojibana. Nami nikamfuata. Akanipiga teke la kifua. Dada akaniambia nisogee.

Baadaye, mtoto alipochoka, dada akaniuliza ni nini kimetokea. Nikasema itakuwa betri.

Betri!

Jumatatu, 11 Agosti

Tumeenda kliniki bila Bosi, hataki kutoka nje. Mashine imebaki nyumbani, dada amesema hataki hata kuibeba. Bwana Polepole alisikiliza habari yote akiwa ameinamisha kichwa. Nikasubiri aseme mashine ikaguliwe. Moyo ulinidunda, hata chumba kile cha mazulia kingeusikia.

Hakusema. Akasema ni kosa lake. Akasema huenda alimharakisha mtoto, alimpandisha hatua kabla hajawa tayari, na kwamba hakupaswa kuwapa mashine nyumbani mapema. Akamwomba dada radhi. Dada naye hakubakiza: akamwambia amechezea mtoto wake, akamwambia tiba imekwisha, akamwambia mito yake aende akailalie mwenyewe.

Huu ndio ushindi wangu. Mpinzani amelala chali. Ningeruka juu. Badala yake nilitazama soksi zake. Moja ina tundu kwenye kidole gumba. Mtu anayemwomba msamaha mama wa mtoto huku kidole kimechungulia nje, na kosa si lake.

Nimeshindwa kula.

Jumanne, 12 Agosti

Mpango mpya! Nitaiharibu tena kama ilivyokuwa. Bwana Polepole akiichukua ataikuta salama, kila kitu kitarudi, hakuna atakayejua.

Nimeibeba mashine kwa siri mpaka dukani, nimetoa besi. Imebaki kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Nimetoa zaidi. Imekuwa mbu. Nimejaribu kuifanya ipotee-potee, nikagundua sikumbuki ilikuwa inapotea wapi na kurudi wapi. Ile ya zamani niliifuta. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikijisifu.

Gunia liko chini ya meza. Bosi haji. Nilinyoosha mkono leo bila kufikiri, nikasubiri, hakuna aliyeweka kitu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepiga moyo konde, nimeenda kliniki peke yangu. Lakini kwa akili. Nikamwambia Bwana Polepole nina rafiki yangu, fundi, hodari kweli, ambaye alikutana na mashine kama ile ikiwa haina besi, akairudishia. Je, rafiki huyo atakuwa amekosea?

Bwana Polepole alinisogezea mto nikae. Kisha akaniuliza kama rafiki huyo ana mpwa.

Nikanywea.

Hakufoka, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinieleza upya, neno kwa neno, yale aliyonieleza siku ya kwanza nikiwa natazama skrubu. Besi waliiondoa makusudi. Ngurumo za chini ndizo zinazomtisha Bosi, mwili wake unadhani kuna hatari. Kule kuja na kupotea ni makusudi pia, ndivyo sikio linavyofundishwa kujikaza na kujilegeza. Sauti ilikuwa inanong'ona kwa sababu alitakiwa kunong'onezwa. Haikuwa mbovu. Ilikuwa imetengenezwa.

Nikauliza kama hawezi kuweka muziki mwingine tukaendelea tulipoishia. Akasema muziki upo, si tatizo. Tatizo ni kwamba Bosi alizivaa hedifoni kwa hiari yake, na hiari hiyo ilichukua muda kuipata. Sasa ataanza na kuziona mezani tu. Kisha kuzigusa. Nikauliza kuhusu tarehe 18. Akatikisa kichwa.

Akasema atanyamaza mpaka nimwambie dada mwenyewe. Nikaomba amwambie yeye, ana sauti nzuri. Akakataa. Polepole.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwambia.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka nianze na nia yangu njema, nipitie utaalamu, nimalizie na huzuni. Nikatoa yote kwa mkupuo, kinyumenyume. Dada alikuwa anapiga pasi. Aliizima pasi, akaisimamisha vizuri, akakaa kitandani. Nilitamani anitukane. Aliniuliza jambo moja tu: Bosi alikuwepo nilipoifungua?

Nikasema alikuwepo. Nikasema yeye ndiye aliyenipa bisibisi.

Akaweka viganja usoni. Akasema basi ndiyo maana. Kila akitajiwa mjomba anageukia ukutani, na yeye dada alikuwa anamlazimisha, anamwambia mjomba anakupenda.

Nampenda! Nikamwambia nampenda. Akasema anajua, na akaniomba nitoke.

Jumatatu, 18 Agosti

Shule imefunguliwa. Sare ya Bosi inaning'inia nyuma ya mlango, dada aliishona mwenyewe na kukata lebo zote za ndani zisimkere mtoto. Leo dada amewaaga wenzake kazini. Cherehani yake amepewa mwingine.

Niliamka mapema nikajiambia: kama Bosi hawezi kuizoea kengele, kengele imzoee Bosi. Mwalimu mkuu akiisikia imepoa, atamwita mtoto leo leo! Nikapenya uani mwa shule kabla ya wanafunzi, nikapanda kwenye nguzo, nikavua soksi yangu, nikaivalisha ulimi wa kengele. Soksi ya sufu, nzito. Nilikuwa nafunga fundo mlinzi aliponiona. Nikashuka kwa njia ambayo suruali haitaisahau, nikala kona.

Kengele ililia na soksi yangu ndani. Ilitoa sauti ya mzee anayekohoa. Watoto walicheka mpaka mstari ukavunjika. Kisha soksi ikadondoka, na kengele ikalia kama kawaida yake, kali, ikafika mpaka nyumbani. Dada amesema Bosi alijifunika mto. Mlinzi ananitafuta kwa maelezo ya mtu mwenye soksi moja.

Nimekaa dukani siku nzima, kila kitu nimezima, hakuna aliyekuja kukaa chini ya meza. Mshereheshaji alirudi na spika lake. Nikamwambia fundi hayupo.

Ijumaa, 22 Agosti

Heri kidogo. Bosi amerudi kliniki. Dada alimwomba Bwana Polepole radhi, Bwana Polepole naye akamwomba radhi tena, walishindana kuombana radhi mpaka nikaona aibu kwa niaba ya wote. Mwalimu mkuu ameahidi kumfikiria muhula ujao. Leo Bosi alikaa chumba kimoja na hedifoni bila kuzigusa. Dada amesema hiyo ni hatua.

Mimi pia nimepewa kazi. Bwana Polepole amesema Bosi anatakiwa kuzoea kuniona nikiwa sifanyi kitu. Nikae chumba cha kungojea, mikono mitupu magotini, basi. Nisitengeneze, nisipendekeze. Nimeapa. Nimemwambia dada machozi yakinilengalenga kwamba sitagusa tena kitu cha watu maisha yangu yote. Na nilimaanisha. Sijawahi kujuta hivi.

Nikakaa. Mikono magotini. Nikatazama ukuta. Kuna saa.

Saa ile haitoi sauti. Hata tik! Mshale wa sekunde unateleza tu kama mlevi kwenye barafu, haugongi popote. Nilitega sikio, nikashika pumzi. Kimya kabisa. Saa ya ukutani, mpya, mbovu, na hakuna aliyeigundua, wamekaa chini yake siku zote hizi.

Wakati huo Bosi akatoka chumbani na mama yake, wakakaa kwenye mkeka upande wa pili. Nami nilikuwa nimechomoa bisibisi kidogo tu kutoka kwenye soksi, niilinganishe kwa macho na skrubu ya ile saa. Ile yenye mpini mwekundu. Bosi akaiona. Nikamtabasamia, nikanyoosha mkono kama zamani. Alinitazama. Kisha akaweka viganja masikioni, akabana kwa nguvu, akasogea nyuma ya mgongo wa mama yake.

Hapakuwa na sauti yoyote mle ndani. Hata moja.

Nimelifikiria jambo hilo njia nzima, roho imeniuma kuliko siku zote. Maskini mpwa wangu, amefika mahali hata ukimya unamuumiza. Ni ile saa! Mtoto anahitaji kamdundo kadogo ka kushikilia, tik, tik, atulie. Bwana Polepole na elimu yake yote hajaliona.

Jumatatu nitawahi, mfagiaji anafungua mlango kabla ya wao kufika. Sitagusa kitu kingine chochote. Ni skrubu moja tu.